Baridi ya Wageni

Gari langu lina vitu viwili ambavyo kila anayepanda huona havipatani. Kimoja ni AC, ambayo mimi huiwasha kila wiki bila kukosa, hata Julai, wakati Nairobi nzima imevuta masweta hadi masikioni. Kingine ni blanketi zito la kahawia lenye mistari ya manjano, lililokunjwa kwenye kiti cha nyuma. Mwenzangu wa kazini, ambaye nampa lifti jioni tukitoka Kilimani, amenisema hadi amechoka.

"Wewe uko sawa kweli?" huniuliza. "Unawasha baridi, alafu unabeba blanketi?"

"Jifunike unyamaze," humjibu. Naye hujifunika, akinung'unika.

Sijawahi kumweleza. Foleni ya Barabara ya Ngong ni ndefu, lakini haitoshi kuimaliza habari hii. Tena hewa ile inapoanza kupiga kutoka kwenye matundu ya dashibodi, huja na harufu yake: vumbi lililolowa, mpira mpya, na kitu kitamu kidogo kinachokaribia dawa ya kikohozi. Harufu hiyo ikinifikia huwa siko tena kwenye usukani. Naketi nyuma, miguu haifiki chini, na bega la Kukhu, nyanya yangu, limeniegemea.

Tulikaa Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, kwenye ploti ya nyumba za kupanga zilizojengwa mbele ya shamba la mwenye nyumba. Ukifungua dirisha la jikoni uliona sukuma wiki, mahindi, na ng'ombe mmoja aliyetutazama tukila. Wazazi wangu walitoka upande wa Butere, magharibi. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya Lavington, nyumba yenye ukuta mrefu hata hukujua kama ndani kuna ghorofa. Familia hiyo ilipohama nchi, ilimwachia Baba gari lake dogo la rangi ya maziwa. Mama naye aliuza spea za magari katika duka moja la Barabara ya Kirinyaga, katikati ya jiji. Alijua kila kitu kilichomo ndani ya gari kwa jina na kwa umbo, ila hakujua kuendesha.

Nyinyi mliokulia kwenye nyumba yenye kabati la vioo mtanielewa upesi. Letu lilikuwa na vikombe vyenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu, na juu ya kila kitu palitandikwa vitambaa vyeupe ambavyo Mama alivifuma mwenyewe. Sisi tulinywea chai kwenye vikombe vya plastiki. Vile vingine vilikuwa vya wageni. Sabuni yenye harufu nzuri ilikuwa ya wageni. Taulo la buluu lilikuwa la wageni, na sijui hata leo ni mgeni gani aliyewahi kuja kwetu kuoga.

Gari lilipokuja, nalo likaingia kwenye utaratibu huo. Viti vilibaki na karatasi za nailoni zilizotunata mapajani jua likiwaka. Na AC, ambayo Baba alikuwa akiizungumzia kama vile aliiunda yeye, ilipigwa marufuku siku ya kwanza tu. Baba alinyoosha kidole kwenye kitufe, Mama akamchapa mkono.

"Hiyo ni ya wageni. Ama unataka iharibike ndio ufurahi?"

Baba alicheka akafungua dirisha. Mimi nilielewa kwa namna yangu. Niliamini kwamba baridi ile imehifadhiwa mahali fulani ndani ya gari, kama maji ndani ya tangi, na kwamba ukiifungua ovyo itaisha, halafu mgeni wa maana akija tutaaibika. Nililipenda gari letu kwa ajili ya siri hiyo. Nikipita kando yake nililigusa boneti nikijua kwamba ndani mna baridi nzima, haijaguswa.

Mgeni wa maana alikuja. Alikuwa Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyu alikuwa mamake Mama. Alikuwa amesumbuliwa na kifua kwa muda mrefu huko nyumbani, na mwishowe akaletwa Nairobi akalazwa hospitalini. Siku aliporuhusiwa kutoka, tulikwenda kumchukua sote. Mama alibandua nailoni za viti kwa mikono yake. Kukhu akaketi nyuma nami, mwembamba, blanketi lake la kahawia magotini, akitazama kila kitu kwa heshima kana kwamba yuko kanisani.

"Washa," Mama akamwambia Baba. Sikuamini masikio yangu.

Baba akabonyeza kitufe. Kwa muda wa kuvuta pumzi tu, hewa baridi ilitoka ikanigusa usoni. Kisha chini ya boneti kukapiga ukelele mkali, mpira ukanuka kuungua, na moshi mwembamba ukatoka pembeni. Baba akazima haraka akasimama kando ya barabara. Alipochungulia ndani, akasema kompresa imekwama, haizunguki tena. Kompresa ndiyo mashine inayosukuma gesi ya AC, na bila hiyo baridi hakuna. Akautoa mkanda unaoizungusha, gari likaenda vizuri tu bila huo.

Ilibidi tufungue madirisha. Barabara ya kuelekea kwetu ilikuwa inachimbwa wakati ule, na vumbi jekundu liliingia ndani kama limealikwa. Kukhu alikohoa toka Dagoretti hadi langoni kwetu. Alikohoa hadi Mama akamtoa garini kwa kumbeba. Mimi nilikaa kitini nikilia, si kwa ajili ya kikohozi peke yake. Tulikuwa tumemtunzia mgeni kitu kizuri muda wote ule, na alipokuja tukampa vumbi.

Kukhu hakulala kwetu. Mama alimkodia chumba kimoja ng'ambo ya ua, mlango ukitazamana na wetu, na mimi nikahamia huko kulala naye. Nilifurahi sana. Blanketi lile lilikuwa zito, lina harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya kupaka, na mgongo wa Kukhu ulikuwa na joto. Alinifundisha kuhesabu kwa Kiluhya, na nikikosea alinifinya sikio kwa upole.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Baba na Kukhu hawakusemezana. Baba akitaka kutoka nje asubuhi, alisimama kwanza nyuma ya mlango akakohoa kwa sauti kubwa, na Kukhu, kama yuko uani, alijivutia leso kichwani akaingia chumbani kwake. Wakikutana bombani mmoja aligeuka akarudi. Hawakula pamoja hata siku moja. Na wakiwa na neno, walinituma mimi.

"Mwambie babako chai imefika, nimeshukuru."

"Muulize Kukhu kama amelala vizuri."

Ua wenyewe ungeweza kuuvuka kwa kuruka, na kila mmoja alimsikia mwenzake wazi. Bado niliyabeba maneno yale, nikayafikisha, nikarudi na majibu. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Mimi na jirani yangu wa dawati tulikuwa tumekosana muhula ule kwa sababu ya rula, na sisi pia tulitumia mjumbe: "Mwambie anirudishie rula yangu." Kwa hiyo nilijua kabisa ninachokiona. Baba na Kukhu walikuwa wamekosana, tena vibaya, na watu wazima walikuwa wananificha.

Siku zilivyokwenda, Kukhu alianza kupungua. Kifua kilikuwa kimetulia, lakini alikula kidogo, akazidi kunyamaza. Alikaa mlangoni kwenye kigoda akiyatazama mahindi ya mwenye nyumba na kuyalaumu kwamba yamepandwa kwa kubanana. Kila alipoletewa chai kwenye kikombe cha waridi, alikishika kwa mikono miwili kwa woga kama yai. Hata maji ya kunawa aliomba. "Mvua ikianza," aliniuliza kila jioni, "nani atanipandia maharagwe?"

Alitaka kwenda nyumbani kwake. Daktari alisema anaweza kusafiri, lakini asipate vumbi wala moshi, na mara hiyo basi likawa haliwezekani. Jioni moja nilikuwa nimejikunyata karibu na mlango wa jikoni, nikamsikia Mama akilia. Kisha nikamsikia Baba.

"Hawezi kuendelea kukaa hapa. Lazima aende kwake."

"Na gari iko hivyo?"

"Nitabadilisha hiyo kompresa. Tufunge madirisha, tuwashe AC, tuende hivyo mpaka kwake."

Niliganda. Basi ndiyo hiyo, nikajiambia, anamfukuza. Nilimchukia Baba usiku ule kwa moyo wangu wote mdogo. Aliponiita nimbebee Kukhu salamu za kulala, nilijifanya nimesinzia.

Mama alileta kompresa kutoka mjini kwenye kiondo, imefungwa ndani ya sweta lake, akiwa ameipakata njia nzima kama mtoto. Ilikuwa imetumika, imetoka Japani, lakini alikuwa amezizungusha nyingi kwa mkono wake dukani kabla ya kuichagua hiyo. Akaiweka juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe cha wageni. Baba na mimi tulikitazama kitambaa, tukamtazama yeye, naye hata hakugundua. Hapo nikajua jambo hili si dogo.

Mama alikuwa na rafiki kule mjini, fundi wa AC mwenye kibanda nyuma ya duka lao, mtu wa Lamu aitwaye Bwana Twalib. Baba alikuwa amempelekea gari, naye fundi akaitoa gesi iliyobaki kwa mashine yake na kuyasafisha mabomba, maana kompresa ikikwama humwaga unga wa chuma humo ndani. Kuifunga mpya akawaachia wenyewe. "Bolti ni bolti," alimwambia Mama. "Mfunge nyumbani kwenu kwa raha zenu. Nitakuja mimi kutia gesi baada ya adhuhuri."

Jumamosi asubuhi Baba aliliinua gari kwa jeki, akaegemeza mawe, akatoa gurudumu la mbele, akatandika gunia akaingia chini. Mama alisimama juu akiwa ameinama kwenye boneti, leso kiunoni. Alijua kila kipande kinakaa wapi lakini hakuwahi kufunga hata kimoja. Baba alijua kushika spana lakini hakujua anachokishika. Kwa pamoja walikuwa fundi mmoja, fundi mwenye kelele.

"Hapana, si hiyo! Hiyo ni ya jenereta!"

"Sasa mbona zinafanana?"

"Hazifanani! Angalia masikio yake!"

Kukhu alikaa mlangoni kwake, amejifunika leso, akitazama upande wa ng'ombe ili asimtazame mkwewe. Lakini niliona sikio lake liko kwetu. Bolti ya mwisho ilikuwa na kutu, ikakataa. Baba aliivuta hadi spana ikateleza, akajichubua vidole, akatoa neno ambalo alilimeza nusu alipokumbuka ni nani anayesikia. Mwishowe ikalegea. Kompresa ya zamani ikashuka, nyeusi, nzito, na Baba akaipakata kifuani akiwa amelala chali, anahema.

Kazi yangu ilikuwa kushika kifuniko cha sufuria kilichowekwa bolti na mipira. Mipira yenyewe ni viduara vyembamba vya kijani vinavyokaa pale bomba linapoungana na kompresa. Mama alikuwa amenieleza kwamba bila hivyo gesi yote hutoroka, hata kama kila kitu kingine kimefungwa sawasawa. Nilivitazama. Nilichukua kimoja nikakifumbata. Kilikuwa kidogo mno kwa kazi kubwa hivyo.

Mkono wa Baba ukatoka chini ya gari, mweusi kwa oili. "Leta ile mpira, mami," akasema, jina alilozoea kuniita.

Sikuileta.

"Mami? Leta."

"Ukimaliza, Kukhu ataenda?"

"Ataenda, eeh."

"Na hatarudi. Kwa sababu mmekosana."

Mkono ukabaki hewani. Kisha Baba akajiburuta, akatoka, akaketi juu ya gurudumu, uso wote oili. "Nani amekosana?"

"Wewe na Kukhu. Hamuongeleshani. Na sasa unamfukuza." Hapo nikaanza kulia kwa sauti ya aibu.

Nyuma ya boneti Mama aliziba mdomo kwa leso, na najua alikuwa anazuia kicheko. Baba hakucheka. Alifuta mikono yake kwenye suruali kwa muda mrefu.

"Mami, ukiniona nakohoa kabla nitoke nje, unadhani niko na homa?"

Nikatikisa kichwa.

"Nakohoa ndio ajue nakuja, nisimkute kama hajajitayarisha. Huyo ni mama ya mama yako. Yeye ndiye alinipatia mke. Kwetu mtu kama huyo huwezi kumzoea ovyo. Vile unamheshimu sana, ndivyo unamwachia nafasi. Na yeye pia ananiachia yangu. Hatujakosana hata siku moja."

"Sasa mbona unataka aende?"

Baba alitazama ng'ambo ya ua, akashusha sauti, ingawa ua ule haukujua kuficha kitu. "Si unaona vile amekonda? Hapa ni mgeni. Hata maji anaomba. Mtu akikaa sana kama mgeni anaisha. Nataka afike kwake akipumua vizuri, apande maharagwe yake, agombane na kuku zake. Ndio nimelala hapa chini na hii kutu yote. Siwezi kumwambia hivyo na mdomo, mami. Lakini hii naweza kufunga."

Kisha sauti ikatoka mlangoni kwa Kukhu, dhaifu lakini wazi, nayo ilielekezwa kwangu kama kawaida.

"Mwambie babako blanketi alilonipa alipomwoa mamako ndilo nimejifunika miaka yote. Nilipanda nalo basi, nikalala nalo hospitali. Muulize, mtu akikosana na mkwe hujifunika blanketi lake?"

Sikumwambia. Nilifungua mkono. Kile kiduara kilikuwa kimeniachia alama kiganjani. Baba alikichukua, akakichovya kwenye oili safi kama alivyoelekezwa, akarudi chini ya gari, na kwa kitambo hatukusikia ila kuvuta kamasi ambako sikujua kama ni kwangu au ni kwake.

Bwana Twalib alifika na mtungi wake wa gesi, mipira ya kupimia, na kofia nyeupe isiyo na doa. Alimwamkia kila mtu, hata ng'ombe alimtupia jicho. Pampu yake ikaguruma ikivuta hewa kutoka kwenye mabomba, na wakati ikifanya kazi aliiokota kompresa ya zamani akaifungua ubavuni, akatuonyesha ndani. Kulikuwa kukavu, kumekwaruzika.

"Hii ilikuwa yawashwa mara ngapi?" akauliza.

"Haikuwashwa," Mama akasema kwa fahari kidogo. "Tuliitunza."

"Ndiyo sababu, dada. Mashine hii mafuta yake hutembea pamoja na gesi. Usipoiwasha, mafuta hulala chini, mipira hukauka, gesi huvuja polepole. Siku waitaka, yajisaga yenyewe. Yapaswa kuwashwa kila wiki, japo kidogo, hata kukiwa na baridi."

"Yaani ni mimi niliiua?"

"Hukuiua kwa ubaya. Uliitunza mno."

Mama alisimama akiitazama ile mashine kavu. Nilidhani atalia. Aligeuka akaingia ndani, tukasikia mlango wa kabati la vioo, ule uliokuwa ukilia kwa kufunguliwa kwa nadra. Alirudi na sinia la chai, na juu yake vikombe vya waridi, vyote. Akampa Bwana Twalib, akampa Baba na mikono yake ya oili, akanituma kwa Kukhu, kisha akanipa mimi changu. Sikuwahi kukishika. Nilikishika kwa mikono miwili kama Kukhu.

"Kunywa tu," Mama akasema. "Kikivunjika, kimevunjika."

Gesi ilipoingia, Baba akawasha gari, akabonyeza kitufe. Chini ya boneti kukasikika mlio mmoja mfupi wa kushikana, na hewa ikaja: yenye vumbi kwanza, halafu ile harufu ya mpira na utamu, halafu baridi. Baba akatoka, akakohoa, akaenda kusimama mbali kule bombani. Ndipo Kukhu akaja na leso yake, akaweka kiganja mbele ya tundu, akaacha hapo.

"Eee," akasema. "Mmefungia Julai humu."

Tuliondoka kabla mvua hazijaanza. Kukhu aliketi nyuma kabisa ya kiti cha Baba ili asionekane, nami kando yake. Na hata hivyo, kabla ya kuwasha gari, Baba aliinua mkono akakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa, asije akakutana na macho ya mama mkwe wake. Aliendesha namna hiyo kwa vioo vya pembeni peke yake, bega limekakamaa, madirisha yamefungwa, na vumbi la barabara zilizochimbwa likapita nje bila kutupata. Kukhu hakukohoa. Mama aligeuka kumtazama kila mara, na kila mara hakuwa amekohoa.

Tulipoipita Ahero, kule karibu na Kisumu, jua lilikuwa kali. Nje watu walijifunika vichwa kwa magazeti na mbuzi walijibanza kwenye vivuli vya vibanda. Ndani tulikuwa tunatetemeka. Kukhu alikuwa amejizungushia blanketi hadi kidevuni, akanifunika na mimi. Wasiwasi wangu wa zamani ukanirudia.

"Baba, punguza. Isije ikaisha."

"Wacha iishe," Mama akasema bila kugeuka.

Kukhu akanigusa goti. "Mwambie babako," akaanza, halafu akanyamaza. Nilimngojea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuufikisha ujumbe. Akalitazama lile bega lililokakamaa mbele yake, akavuta pumzi ndefu, pumzi nzima, isiyokatika.

"Mkwe," akasema.

Gari likayumba. Mama akashika dashibodi.

"Ulinipa blanketi. Sasa umeniletea na baridi, nilitumie vizuri."

Kisha Mama akapasuka kwa kicheko, na Kukhu mwenyewe akafuata, kicheko kikubwa ambacho sikujua kama kinaenea ndani ya mwili ule mwembamba, na kilipokwisha hakikuacha kikohozi nyuma yake. Baba alikuwa amekodoa macho barabarani, masikio yake mekundu kwa namna mtu mweusi anavyoweza kuwa na masikio mekundu.

"Mwambie Kukhu," akaniambia, "mwambie..."

"Niambie mwenyewe. Niko hapa."

Baba akakohoa kile kikohozi chake cha mlangoni. "Asante, mama," akasema. Halafu akainua mkono akakirudisha kioo mahali pake.

Kukhu alipanda maharagwe msimu ule, na misimu mingi baada ya huo, na alifariki akiwa mzee kitandani mwake, kuku wake wakipiga kelele nje. Blanketi aliniachia mimi. Vikombe vya waridi vilivunjika kimoja kimoja hadi vikaisha, na hakuna chai ninayoikumbuka kwa utamu kuliko ile.

Mwezi uliopita mume wangu alimwendesha Mama kwa mara ya kwanza, kwenye hili gari langu. Yeye pia ni wa kwetu, amelelewa vizuri, hata amezidisha. Mama alipokuwa anaingia nyuma, nilimwona mume wangu akiinua mkono taratibu akakigeuza kioo cha ndani kikatazama paa. Nilikuwa nimefungua mdomo nimweleze habari yote hii toka mwanzo.

Sikuwahi. Mama alijivutia lile blanketi magotini, akainama mbele katikati ya viti.

"Kijana, rudisha hiyo kioo," akamwambia. "Utagonga watu na adabu yako. Alafu washa AC, tuongee."